Sauti ya Aliye Chini: Misingi ya Uongozi wa Timu na Namna ya Kuizoea

Timu, kwa maana itakayotumika katika mhadhara huu, ni watu wachache wenye kazi moja ambayo hakuna hata mmoja wao awezaye kuikamilisha peke yake, wanaojua nani yumo na nani hayumo, na ambao kila mmoja ana ujuzi au mtazamo usiokuwa kwa mwenzake. Sifa hii ya mwisho ndiyo inayoitenga timu na vibarua wanaolima ngwe zao sambamba, kwa kuwa huko kila mtu hupimwa kwa ngwe yake, ilhali katika timu kosa la mmoja huweza kuharibu kazi ya wote na jicho la mmoja huweza kuiokoa. Kiongozi wa timu ni yule mwenye mamlaka ya mwisho juu ya kazi hiyo, na ndiye atakayeulizwa ikiharibika. Vitabu vya uongozi humpa majukumu mengi: kuonyesha mwelekeo, kugawa kazi, kutia moyo, kusuluhisha ugomvi. Majukumu hayo yote ni ya kweli, lakini hoja inayotetewa hapa ni kwamba liko jukumu moja linaloyabeba mengine, nalo ni kuhakikisha kwamba kile anachokiona mtu wa chini kabisa katika timu kinamfikia mwenye kuamua kabla wakati haujapita. Jukumu hilo halitimizwi kwa tabia njema peke yake, wala halimo katika damu ya mtu. Ni ustadi unaofundishika, na usiporudiwarudiwa hupotea.

Mifano ya hoja hii inatafutwa katika chumba cha marubani na katika chumba cha upasuaji, na sababu yake ni rahisi. Katika ofisi, shule au chama cha ushirika, madhara ya uongozi mbaya huchukua miaka kuonekana, na yakionekana watu hubishana kuhusu chanzo chake. Katika ndege kuna kinasa sauti kinachohifadhi maneno ya marubani hadi sekunde ya mwisho, na baada ya ajali tume ya uchunguzi huyapima maneno hayo moja baada ya jingine, hata ikawezekana kuonyesha ni wakati gani hasa taarifa iliyohitajika ilikuwemo chumbani na bado haikutumika.

Afrika Mashariki ina mfano wake katika rekodi hizo, na unastahili kutajwa kwa heshima ya waliopoteza maisha. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800 iliyokuwa ikitoka Abidjan kwenda Nairobi iliondoka Douala, Kamerun, baada ya kusubiri mvua kubwa ipungue, na haikumaliza dakika mbili angani. Ilianguka katika kinamasi cha mikoko karibu na mji, na watu wote 114 waliokuwemo walifariki. Ripoti ya uchunguzi, iliyotolewa na mamlaka za Kamerun mwaka 2010, haikukuta hitilafu ya mitambo iliyoiangusha. Ilikuta kwamba ndege iliruka bila kibali cha mnara, kwamba mara baada ya kuruka ilianza kuinamia upande wa kulia polepole sana, na kwamba rubani mkuu alitoa kauli ya kuashiria kuwa mtambo wa kuiendesha ndege yenyewe umewashwa, lakini hakuna aliyeitikia kauli hiyo wala aliyethibitisha kwamba mtambo umeshika. Kwa karibu dakika nzima ndege haikuwa ikiendeshwa na mtu wala na mtambo. Kengele ya tahadhari ilipolia, ndege ilikuwa imeshalala zaidi ya nyuzi 30, na rubani mkuu akawa amepoteza hisia ya mwelekeo angani, yaani ile hali ambayo mwili wa mtu aliye gizani humwambia kwamba yuko sawa ilhali vyombo vilivyo mbele yake vinasema vingine.

Ripoti hiyo haikuishia kwenye usukani, kwani ilitaja miongoni mwa mambo yaliyochangia ajali ukosefu wa uratibu kati ya marubani wawili, na ikaeleza tofauti ya haiba zao: mkuu aliyekuwa na tabia ya kuamuru, na msaidizi mpole asiyejitokeza. Mkuu alikuwa na zaidi ya saa 8,000 za urukaji, msaidizi chini ya saa 1,000, na tofauti ya umri wao ilitosha kuwafanya baba na mwana. Msaidizi alikuwa na vyombo vilevile mbele yake, na kazi yake katika dakika hiyo ilikuwa ni kuvisoma na kusema alichokisoma. Ni kosa kumlaumu kijana huyo peke yake, kwa sababu ukimya wa aina hii hautengenezwi kwa dakika moja. Hutengenezwa na kila safari iliyotangulia ambamo aliyesema alikatizwa, na kila kikao cha mafunzo ambamo uwezo wa kuuliza haukupimwa.

Ajali ya Tenerife ya tarehe 27 Machi 1977, iliyoua watu 583 pale ndege mbili za Boeing 747 zilipogongana kwenye ukungu katika uwanja wa Los Rodeos, inaonyesha jambo hilohilo kwa sura kali zaidi. Rubani mkuu wa ndege ya KLM alikuwa mkuu wa mafunzo ya ndege za aina hiyo katika shirika lake, mtu ambaye wenzake walimtazama kama mwalimu. Alipoanza kusukuma injini mara ya kwanza, msaidizi wake alimkumbusha kwamba kibali hakijatolewa, naye akasita. Alipoanza tena kabla kibali cha kuruka hakijatolewa, msaidizi hakumpinga mara ya pili. Mhandisi wa ndege, aliyeketi nyuma yao, alisikia kwenye redio maneno yaliyomtia shaka kwamba ile ndege nyingine, ya Pan American, bado iko kwenye njia, akauliza. Rubani mkuu akamjibu kwa uhakika kwamba imeshatoka, na mhandisi akanyamaza. Methali husema penye wengi hapaharibiki neno. Katika chumba kile cha Tenerife walikuwepo watatu, wawili kati yao kila mmoja akiwa na chembe ya taarifa iliyotosha kuisimamisha ndege, na neno liliharibika. Wingi wa watu haugeuki wingi wa akili mpaka awepo mtu mwenye kazi ya kuzikusanya akili hizo.

Mwaka uliofuata, tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya United Airlines iliyokuwa na watu 189 ilizunguka karibu na Portland, Marekani, kwa takriban saa nzima huku rubani mkuu akishughulikia tatizo la magurudumu, wakati mafuta yakipungua. Wenzake wawili walitaja mafuta, lakini kwa sauti ya watu wanaotoa taarifa ya kawaida, si ya watu wanaoonya kwamba injini zinakaribia kuzimika. Zilizimika, ndege ikaanguka, na watu 10 wakafa. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilitoa mapendekezo ambayo, kwa maoni ya mhadhara huu, yamebeba nusu ya elimu yote ya uongozi wa timu: kwamba marubani wakuu wafundishwe kuongoza kwa kushirikisha, na kwamba wasaidizi wafundishwe kusema kwa uthabiti. Uzito wa mapendekezo hayo umo katika kufungamanishwa kwake. Kumfundisha mkuu kusikiliza bila kumfundisha mdogo kusema huzaa vikao vya upole visivyo na taarifa, na kumfundisha mdogo kusema bila kumfundisha mkuu kusikia humfanya mdogo aadhibiwe.

Kutokana na ajali hizo za miaka ya 1970, shirika la anga la Marekani, NASA, liliitisha warsha mwaka 1979, na mwaka 1981 United Airlines ikaanzisha mafunzo ambayo sasa yameenea duniani, yanayoweza kuitwa usimamizi wa rasilimali za wahudumu wa ndege. Rasilimali hapa ni kila kilichomo ndani ya chombo, na ya kwanza kati yake ni akili za watu. Matunda yake yalionekana tarehe 19 Julai 1989, pale injini ya mkia ya ndege ya DC-10 ya shirika hilohilo ilipopasuka angani na vipande vyake kukata mifumo yote mitatu ya majimaji inayoendesha usukani. Hali hiyo haikuwa na maelekezo katika kitabu chochote. Rubani mkuu, Al Haynes, hakujifanya kuwa anayo. Aligawa kazi, akauliza, akapokea mawazo, na alipoambiwa kwamba miongoni mwa abiria yumo mwalimu wa marubani, Dennis Fitch, alimwita na kumkabidhi vishikio vya nguvu za injini, ikawa ndiyo njia pekee ya kuigeuza ndege. Ilianguka kwenye njia ya kutua ya Sioux City. Kati ya watu 296 walipona 184. Baadaye marubani waliojaribiwa na hali hiyo katika mitambo ya kuigiza safari walishindwa kuitua ndege salama. Haynes mwenyewe, kwa miaka mingi baadaye, alisema hadharani kwamba mafunzo yale ndiyo yaliyowaokoa, na kwamba zama ambazo neno la rubani mkuu halikuhojiwa ziliwapotezea watu ndege.

Inafaa isisitizwe kwamba Haynes hakuacha kuwa mkuu. Kuna watu wanaodhani kushirikisha ni kupiga kura, na kwamba kiongozi anayeuliza amepunguza cheo chake. Katika ndege ile hakuna kura iliyopigwa; mawazo yalikuwa ya wengi, uamuzi ukabaki kwa mmoja, na yule mmoja aliamua vizuri kwa sababu aliletewa vya kuamulia.

Katika mazingira ya Afrika Mashariki, hoja hii hukutana mara moja na suala la heshima. Mtoto hulelewa kumwamkia mkubwa, kutomkatiza, na kutomkosoa mbele za watu, na malezi hayo huingia kazini pamoja naye, hata muuguzi wa miaka 24 akisimama mbele ya daktari bingwa wa miaka 58 anasimama kwanza kama mwana mbele ya mzazi. Wako wanaohitimisha kwamba heshima hiyo ni kikwazo cha kuondolewa, na hitimisho hilo halifai kukubaliwa. Heshima ya kweli kwa mkubwa inahusisha kumlinda asiaibike, na hakuna aibu kubwa kuliko ya daktari aliyemshona mgonjwa na pamba tumboni huku muuguzi akijua kwamba hesabu haikutimia. Kinachohitajika ni kuwapa wadogo maneno ambayo yanabeba heshima na onyo kwa pamoja, yakubaliwe mapema na timu nzima, ili siku ya haja yasionekane kama utovu wa adabu. Marubani hufundishwa ngazi za namna hiyo: kwanza kuuliza, kisha kueleza wasiwasi, kisha kutoa pendekezo la wazi, na mwisho kuchukua hatua. Kwa Kiswahili cha wodini ngazi hizo zinasemeka bila kumvunjia mtu heshima. “Dokta, hesabu ya pamba tumeimaliza?” ni swali. “Dokta, nina wasiwasi, nimehesabu 9 badala ya 10,” ni taarifa yenye namba ndani yake. “Dokta, naomba tusimame, tusifunge kwanza,” ni ombi ambalo mkuu wa timu anapaswa kuwa ameshaahidi, siku nyingi kabla, kwamba atalitii kwanza na kuuliza baadaye.

Chumba cha upasuaji kimetoa ushahidi wa pili, na ushahidi huo una mguu mmoja Tanzania. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2007 hadi mwaka 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha hakiki ya upasuaji salama, yaani karatasi yenye vipengele 19 vinavyosomwa kwa sauti katika nyakati tatu: kabla ya mgonjwa kupewa dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Hospitali nane zilihusika, katika miji ya Toronto, New Delhi, Amman, Auckland, Manila, London, Seattle na Ifakara, mji wa bonde la Kilombero mkoani Morogoro. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo vya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Miongoni mwa vipengele hivyo kimo kimoja kinachoonekana hakina uzito wowote wa kitabibu: kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kwa kazi yake. Hoja ya waliokiweka, akiwemo daktari wa upasuaji Atul Gawande, ni kwamba mtu aliyekwisha kusikika mara moja mwanzoni mwa kazi huona wepesi wa kusema mara ya pili jambo likiharibika.

Habari hiyo ingeishia hapo, karatasi ingeonekana kuwa ndiyo dawa. Lakini jimbo la Ontario, Kanada, liliposambaza orodha ya namna hiyo katika hospitali zake na watafiti wakalinganisha hospitali 101 kabla na baada, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakuonyesha upungufu wa maana wa vifo. Wataalamu wamebishana sana kuhusu sababu. Iliyo na nguvu zaidi ni kwamba orodha ikiletwa kama agizo kutoka juu, bila mazoezi ya timu na bila wakuu kuiamini, hujazwa alama za vyema na kufungiwa kabatini, wakati mwingine ikijazwa kabla hata mgonjwa hajafikishwa. Yeyote aliyewahi kuona kitabu cha mahudhurio kikisainiwa cha wiki nzima siku ya Ijumaa anaelewa jinsi jambo hilo linavyotokea. Karatasi haimpi mdogo sauti. Humpa nafasi ya kusema, na thamani ya nafasi hiyo huamuliwa na uso wa mkubwa pale inapotumika.

Mtafiti Amy Edmondson wa Marekani alilikuta jambo hili kwa njia ambayo mwanzoni ilimchanganya. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1996 kuhusu makosa ya utoaji dawa hospitalini, wodi zilizokuwa na viongozi bora na ushirikiano mzuri zilionekana kuwa na makosa mengi zaidi kuliko wodi zilizoongozwa kwa ukali. Ufafanuzi ulikuja kuwa kwamba wodi nzuri hazikukosea zaidi, bali zilisema zaidi; katika wodi za ukali makosa yalifichwa. Kutokana na hapo, katika andiko la mwaka 1999, alieneza dhana ya usalama wa kisaikolojia, ambao ni imani ya pamoja ya wanatimu kwamba mtu hataaibishwa wala kuadhibiwa kwa kuuliza, kukiri kosa au kutoa wazo. Dhana hiyo mara nyingi hufasiriwa vibaya kuwa ni ulegevu. Timu inaweza kuwa na viwango vikali kabisa vya kazi na bado ikawa na usalama huo. Kinachozuiwa ni hofu ya kusema, si hofu ya kufanya kazi ovyo. Fundisho la vitendo kwa mkuu wa idara au mwalimu mkuu ni kwamba taarifa za makosa zikikoma ghafla kumfikia, asifurahi, achunguze.

Yanabaki mazoezi, ambako ndiko viongozi wengi huanguka, kwa kuwa wanakubali misingi hii semina inapomalizika na kurejea kazini bila kubadili hata dakika moja ya siku yao. Zoezi la kwanza ni dakika za mwanzo. Bodi ya usalama ya Marekani, katika mapitio yake ya mwaka 1994 ya ajali kubwa 37 zilizohusisha makosa ya marubani, ilikuta kwamba asilimia 73 ya ajali ambazo taarifa zake zilipatikana zilitokea siku ya kwanza ya marubani hao kufanya kazi pamoja, na asilimia 44 katika safari yao ya kwanza kabisa. Timu mpya haina mazoea ya kusomana, na hilo ni tatizo la kila siku katika hospitali za wilaya ambako zamu hupangwa upya, na katika shule ambako walimu huhamishwa katikati ya muhula. Robert Ginnett, aliyewachunguza marubani wakuu mahodari katika miaka ya 1980, alikuta kwamba wao hutumia kikao kifupi cha kabla ya safari kufanya mambo ambayo wakuu dhaifu huyaruka: huonyesha kwamba kazi wanaijua, hutamka wazi kwamba wao pia hukosea na wanataka kuambiwa, na huwashirikisha wengine katika mazungumzo badala ya kuwahutubia. Kikao cha namna hiyo hakizidi dakika chache, na hakihitaji bajeti.

Zoezi la pili ni kauli inayorudishwa. Anayeagiza hutaja jina la anayeagizwa, anayeagizwa huirudia kauli kama alivyoisikia, na aliyeagiza huthibitisha kwamba ndivyo. Katika chumba cha dharura, “leteni damu” ni agizo lililotupwa hewani, ambalo watu wanne hudhani mtu wa tano amelichukua. “Sista Rehema, lete chupa mbili za damu ya kundi O,” likifuatwa na “Chupa mbili za kundi O, naenda,” ni agizo lenye mwenyewe. Kauli ya Douala ilikosa kitu hiki hasa, kwa kuwa ilitamkwa na haikurudi. Mazoezi haya huonekana ya kitoto kwa watu wazima wenye vyeti, na ndiyo maana hayana budi kuanzwa na mkuu mwenyewe, siku zisizo na dharura, mpaka ulimi uyazoee.

Zoezi la tatu, tathmini baada ya kazi, lina hatari yake. Likifanywa baada ya mambo kuharibika tu, wanatimu hulihesabu kuwa kikao cha nidhamu, hivyo linapaswa kufanywa hata kazi ilipokwenda vizuri, na mkuu awe wa kwanza kutaja alichokifanya vibaya yeye. Akianza kwa kuuliza nani alikosea, kikao kimekwisha kabla hakijaanza.

Mtihani mgumu kuliko yote huja pale mdogo anaposema, kazi ikasimamishwa, na ikagundulika kwamba hakukuwa na tatizo: pamba zilihesabiwa upya zikawa 10, mgonjwa akachelewa dakika sita, na ratiba ya siku ikasogea. Wakati huo chumba kizima humtazama mkuu. Akihema kwa kuudhika, au akitania tu kwamba fulani haoni vizuri, watu watano waliomo humo wamejifunza gharama ya kusema, nao watawafundisha wageni wa zamu ijayo bila kutamka neno. Akisema, “Sista, umefanya vizuri kutusimamisha, endelea hivyohivyo,” na akasema kwa sauti inayosikika hadi kwa anayesukuma kitanda, ameinunua kwa dakika sita taarifa ambayo siku nyingine angeikosa.